Watu 12 meza moja, Westlands: mteja mwenye adabu hufanyaje?

Mwekahazina12

Salamu wakuu. Chama chetu cha akina mama kina wanachama 12, na mwaka huu tumekubaliana chakula cha kufunga mwaka kiliwe hotelini, si nyumbani kwa mtu. Ni Jumamosi mchana, Westlands hapa Nairobi, mahali pa kuketi na kuhudumiwa, si pa kujipakulia. Bajeti ni shilingi 2,000 kwa kichwa, bakshishi ikiwa ndani. Jumamosi inayofuata ni nyama choma pamoja na familia, watoto wakiwemo.

Wengi wetu ni watu wa hoteli za kawaida: unaingia, unasema chapo mbili madondo, unakula, unalipa, unaondoka. Sitaki tuwe ile meza ambayo wahudumu wanasukumiana. Mhudumu anaitwaje bila kumdharau? Tukitaka kila mtu alipe chake, tunasema lini? Keki ya kutoka nje inaingia? Bakshishi ni kiasi gani, na kama ni M-Pesa inapitia wapi? Chakula kikija kibaya kinarudishwaje bila mtu kuonekana ana maringo? Na choma ina adabu zake ama kila mtu ajirushie tu?

Sahani_Moto

Mengi ya hayo humalizwa kwa simu, kabla hamjakanyaga mlangoni. Meza ya watu 12 haikai imetandikwa ikingoja. Ni meza tatu za watu wanne zinazounganishwa, na mara nyingi hilo ndilo eneo zima la mhudumu mmoja. Ukisema 12 mkaja wanane, meza moja imekaa bure saa ya chakula cha mchana na mhudumu wenu hana pengine pa kupata wateja. Ukisema wanane mkaja 12, kuna watu watahamishwa sahani ikiwa mkononi. Piga kufikia Alhamisi, toa idadi ya kweli, kisha piga tena Ijumaa jioni kuithibitisha. Kama kuna anayetembea kwa shida sema hapo hapo, maana hoteli kadhaa za Westlands ziko ghorofani.

Meza hushikiliwa kama dakika 15. Mkikwama Waiyaki Way, mmoja apige simu aseme mko Kangemi na mtachelewa dakika 20. Supavaiza akijua atawapanga. Asipojua atawakalisha waliosimama mlangoni, na hana kosa. Waliotangulia waagize vinywaji, chakula kisubiri walau kumi wafike. Oda ikipelekwa vipande vipande, wa kwanza atakuwa anachokonoa meno wa mwisho akiletewa sahani.

Sasa oda yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wateja wengi wazuri wanageuka kuwa wateja wabaya bila kujua. Mhudumu anaandika, anaenda kwenye mashine, anaingiza. Akibonyeza kutuma, karatasi mbili zinatoka: moja jikoni, moja baa. Kuanzia sekunde hiyo oda si yake tena. Kuifuta kunahitaji kadi au namba ya siri ya supavaiza, na kama kipande cha nyama kimeshagusa moto, kuna mtu ataulizwa kimekwenda wapi. Kwa hiyo lolote mlilo nalo, lisemwe kabla hajaondoka mezani: bila vitunguu, chapati badala ya wali, bili tofauti. Mwambie awasomee tena oda yote. Haichukui dakika mbili, na hakuna mhudumu anayeudhika kwa hilo.

Halafu msibadilishane viti baada ya kuagiza. Mhudumu haandiki "mama wa kitenge cha kijani", anaandika nambari ya kiti, akihesabu kuzunguka meza kutoka pembe moja. Wawili wakibadilishana nafasi ili wapige gumzo, samaki anatua mbele ya aliyeagiza kuku, na anayeleta sahani huenda si yule aliyechukua oda.

Kuhusu kuchelewa kwa chakula: pilau na biriani ziko sufuriani, zinapakuliwa kwa dakika kumi. Samaki mzima wa kukaanga anataka dakika 30 hivi. Steki iliyoiva kabisa, jinsi wengi wetu tunavyoitaka, inapita dakika 20. Mezani watu wanataka kula pamoja, kwa hiyo jikoni hungoja kile cha polepole ndipo zote zitoke. Mkiagiza vyakula 12 vya aina 12, msianze kuulizia baada ya robo saa. Chagueni vinne au vitano kwenye grupu la WhatsApp siku moja kabla, mpeleke orodha hotelini. Jikoni watawapenda.

Kumwita: inua mkono hadi usawa wa bega, mtazame, akikuona sema "samahani". Si kubana vidole, si "kss kss", si kugonga glasi kwa kijiko, na tafadhali si kumvuta aproni. Ana jina kifuani, litumie. Huna jina, "dada" au "kaka" inatosha. Aliyekuzidi umri mwite kama ungemwita mtaani kwenu. "Wewe!" na "kijana!" wachia matatu. Akiwa amebeba trei akakupa kichwa tu, amekuona. Usiite mwingine, maana mwingine naye ataingiza oda hiyo hiyo, mtaletewa soda mbili na mtabishana kwenye bili.

Na kusanyeni maombi. Huyu anataka chumvi, mhudumu akirudi yule anataka barafu, akirudi tena kuna wa pilipili. Hizo ni safari tatu za jambo la safari moja. Kabla ya kumwita uliza meza nzima nani anakosa nini.

Mkimaliza, kisu na uma vilale pamoja sambamba sahanini. Vikiwa vimeachana, maana yake bado unakula. Msipange sahani moja juu ya nyingine kwa kudhani mnasaidia. Uma ukibaki katikati, rundo linayumba kwenye trei, na mchuzi unachafua migongo ya sahani zote. Zisogezeni tu ukingoni. Kuna mahali wana ishara zao: Carnivore pale Langata nyama haikomi kuletwa mpaka mshushe kibendera cha mezani, na anayelalamika analetewa nyama kupita kiasi huku bendera imesimama, ajilaumu.

Keshia_wa_Zamu

Mimi nichukue upande wa pesa.

Kwanza soma chini ya menyu. Hoteli nyingi huandika kwamba bei zimejumlisha VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, yaani chakula cha 1,180 ni 1,000 ya hoteli, 160 ya VAT na 20 ya ushuru. Mahali ambapo bei haijajumlisha, mteja anaona 18 kwa 100 imeongezwa mwishoni na anafikiri ameibiwa. Sasa hesabu zenu: mna 24,000. Mkijiwekea mpaka wa 1,800 kwa kichwa kwa chakula na kinywaji, bili ni 21,600, asilimia 10 ya bakshishi ni 2,160, jumla 23,760. Zinabaki 240. Kama bei za menyu hazina kodi ndani, mpaka wenu uteremke hadi kama 1,525 kwa kichwa, la sivyo mtaanza kuchangishana mezani.

Bili tofauti: zisemwe kabla ya oda. Mhudumu akiingiza kwa viti, mashine inagawanya yenyewe. Akiwa ameingiza zote kwa mkupuo mmoja, itabidi tukae chini kuhamisha kitu kimoja kimoja, na kila mara kuna chupa mbili za maji ambazo hakuna aliyezinywa. Kwa chama ushauri wangu ni mmoja: pesa zikusanywe kwako kabla, ulipe mara moja. Watu 12 wakilipa kwenye till moja (nambari ya M-Pesa ya biashara), nakaa na ujumbe 12, mmoja ametuma pungufu ya 50, na wakati nagundua mko nje mnapiga picha. Hiyo 50, sehemu nyingi, inatoka mfukoni mwa mhudumu.

Kagua bili kabla ya kulipa, hasa vinywaji. Ukiona kosa, mwonyeshe mhudumu mstari wenyewe: "hapa pana juisi tano, sisi tumekunywa nne." Usitangaze wizi. Mara nyingi ni glasi iliyoagizwa kwa mhudumu wa pili, kama Sahani_Moto alivyosema.

M-Pesa: ingiza nambari ya till, soma jina la biashara linalokuja kabla ya kukubali, kisha ngoja. Ujumbe wako pekee haunitoshi, nangoja wangu. Msikasirike mkiambiwa mngoje dakika moja. Kuna watu hutuma kwenda nambari isiyo yetu na kuna wanaoonyesha ujumbe wa juzi. Kulipa till hakumkati mteja ada.

Mkitaka risiti yenye PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipakodi, nipe nambari hiyo kabla sijatoa risiti. Ikishatoka, kuirekebisha ni kutoa hati ya kufuta ya kwanza na kuanza upya, huku foleni ikikutazama.

Bakshishi isiingizwe kwenye till. Ikiingia humo imeingia kwenye akaunti ya mwenye hoteli, na mhudumu ataidai mwisho wa zamu kwa mtu ambaye hana haraka ya kumlipa. Mpe noti, ama omba nambari yake umtumie. Kama ni mashine ya kadi, taja kiasi kabla hajabonyeza, usiseme "ongeza kitu". Kwanza tazama kama ada ya huduma imo kwenye bili. Ikiwemo, hamdaiwi kingine. Isipokuwemo, asilimia 5 hadi 10 ni adabu nzuri kwa meza kama yenu. Uliza pia kama wanagawana na jikoni, maana kuna hoteli zenye sanduku moja, na kuna zile ambazo unachompa mtu ni chake.

Mtu_wa_Kibanda

Asilimia 10 imekuwa sheria lini? Mshahara wa mhudumu ni kazi ya tajiri wake. Kibandani hakuna anayengoja ya soda na chakula ni kitamu zaidi.

Lakini hata kibandani kuna adabu, na watu wa Westlands wakija huko ndio huzivunja. Kati ya saa sita na nusu na saa nane benchi si lako: unauliza "hapa kuna mtu?", unasalimu uliowakuta, unakula, unanyanyuka. Simu ya video ifanyie nje. Noti ya elfu moja kwa chakula cha 120 asubuhi na mapema ni kumtesa mama wa watu, atafute chenji kwa muuza mboga huku chapati inaungua. Supu ya kuongezwa unaiomba mara moja, ukiwa umemaliza ya kwanza. Na maji ya kunawa kwenye mtungi wa bomba ni ya watu wote, funga bomba ukipaka sabuni.

Keshia_wa_Zamu

Sijasema ni sheria. Nimesema ni adabu, kwa meza ya watu 12 iliyochukua eneo zima la mtu kwa saa tatu. Mhudumu huyo mchana huo hakuwa na meza nyingine. Mkila watu wawili nusu saa, mia moja inatosha, na mkikosa hakuna wa kuwafuata nje.

Mwekahazina12

Asanteni sana. Orodha nimeanza kuikusanya leo, na pesa zitakuja kwangu kufikia Jumatano. Bado keki na kurudisha chakula. Niongeze: mmoja wetu njugu zinamdhuru, na wawili ni Waislamu.

Jikoni_Kabisa

Njugu kwanza, maana hiyo si adabu tu. Jikoni kuna maneno mawili yasiyofanana: "sipendi njugu" na "njugu zinanidhuru". La kwanza ni kuziacha nje ya sahani. La pili ni ubao mwingine, kisu kingine, kikaango kilichooshwa, na mafuta ambayo hayajapikiwa kitu chenye njugu. Sema lile la kweli. Anayesingizia kudhurika kwa sababu tu hapendi kitu fulani anasimamisha upande mmoja wa jiko bure, na siku ya pili mpishi anaanza kutilia shaka mgonjwa wa kweli. Kwa mwenzenu, litajwe kwenye simu ya Alhamisi, lirudiwe mezani kabla ya oda, na yeye mwenyewe aepuke mboga za kienyeji na mchuzi mzito mpaka aulize, kwani njugu za kusaga huingia humo na hazionekani. Chipsi pia aulize zimekaangwa kwenye mafuta ya nini. Wasipoweza kumhakikishia wakasema hivyo, hiyo ni heshima, si dharau.

Kwa Waislamu: uliza cheti cha halali wakati wa kuweka nafasi, kisha uliza swali la pili ambalo watu husahau, kama nguruwe anachomwa kwenye jiko hilo hilo. Nyama inaweza kuwa halali ikaenda kulala kwenye wavu uliotoka kuchoma soseji za nguruwe.

Kurudisha chakula. Onja vijiko viwili vitatu, ukiona kasoro acha hapo hapo. Sahani ikirudi imebaki mifupa, hakuna mpishi atakayekuelewa. Mwite mhudumu kwa sauti ya kawaida, sema kasoro ni ipi: "wali umepoa", "kuku ndani hajaiva", "niliomba bila pilipili". "Hiki chakula ni kibaya" haituambii tupashe moto, turudishe motoni au tupike upya. Sema pia unataka nini: kirekebishwe, kibadilishwe au kitolewe kwenye bili. Kupika upya ni dakika 15 hivi, wenzako waendelee kula.

Kuna yasiyo kasoro. Kuku wa kienyeji ni mgumu kwa asili yake, ametembea maisha yake yote. Steki uliyoomba iive kabisa itakuwa kavu. Tilapia ana miiba. Kuku kuwa na wekundu karibu na mfupa si lazima awe mbichi, hasa kuku mchanga, kwa kuwa rangi ya uboho hupenya. Kipimo ni joto la ndani, nyuzi 74, na jiko lenye kipimajoto litakupimia ukiomba kwa upole. Lakini nyama yenyewe ikiwa laini kama mpira wa maji na inateleza, rudisha bila kuona haya.

Anayehudumu hakupika. Kumfokea yeye ni kumfokea tarishi.

Keki: iulizwe kwenye simu. Hoteli nyingine hazikubali chakula cha nje kabisa, kwa sababu mtu akiumwa tumbo ni wao watakaolaumiwa. Nyingine zinakubali kwa ada ya kukata na sahani. Zile hoteli za mboga tupu za Parklands na Ngara, nyingi hazitaki keki yenye mayai ipite mlangoni, na si ukali, ni imani yao. Ikikubaliwa, ikabidhiwe mapema ikae kwenye friji, na mseme iletwe baada ya nini. Mishumaa ni sawa. Vile vikaratasi vinavyometameta vya kurusha hewani viacheni nyumbani. Vinaingia kwenye supu ya meza ya jirani na kuvifagia kunamaliza saa nzima. Mvinyo wa kwenu nao una ada yake ya kufungua chupa, kila chupa.

Mabaki mnaweza kufungiwa, si aibu hata kidogo. Sema "nifungie" kabla sahani haijaondolewa, kwa maana ikishafika kwenye ndoo hairudi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo mfuko watakaokupa pengine unauzwa. Njoo na kiondo chako. Wali na kuku waliokaa mezani zaidi ya saa mbili usiwafunge. Hasa wali.

Makaa_na_Chumvi

Choma ina adabu, tena nyingi.

Huanzi mezani, unaanzia buchani. Mkubwa wa kundi anaenda kwenye kaunta, anachagua kipande, anaangalia mzani ukisoma sifuri kabla nyama haijawekwa, anasema kilo ngapi na ipikwe vipi: choma, chemsha au ya kukaangwa yenye mchuzi. Wakienda watu sita kwenye kaunta wakibishana mbavu ama mguu, foleni nyuma inaungua kuliko makaa. Mbuzi, kilo moja yenye mfupa inatosha watu wazima wawili hadi watatu wakiwa na ugali. Ikitoka motoni itakuwa imepungua robo au zaidi, kwa sababu maji na mafuta yameondoka. Usimwambie mchomaji ameonja. Wengi ndipo wanapokosana naye.

Muda ni dakika 45 hadi saa nzima. Mbavu hutangulia, mguu huchelewa kwa kuwa nyama ya ndani ni nene. Ukimharakisha atasogeza nyama karibu na moto, nje iwe mkaa na ndani ibaki damu. Ukiwa na njaa agiza mapema kwa simu, usiende kusimama kichwani pake. Burma na Kenyatta Market mchana wa Jumamosi pamejaa, ongeza nusu saa.

Kunawa: mhudumu anakuja na birika na karai, au kuna sinki. Wazee na wageni hunawishwa kwanza. Mikono yote miwili inanawishwa hata kama unakula kwa mmoja. Usikungute maji juu ya meza, taulo au tishu ipo.

Nyama inakatwa mbele yenu juu ya ubao. Sema kabla hajaanza: vipande vidogo, na vya watoto vitolewe kwenye mfupa. Ubao ukishatua, unachukua upande unaokutazama, kwa mkono wa kulia. Kuvuka ubao kufuata kipande chenye mafuta ulichokipigia jicho, watu wanaona hata wasiposema. Chumvi iko kwenye kona ya ubao: chovya nyama ambayo hujaiuma. Mifupa haina ruhusa ya kurudi ubaoni, ombeni sahani yake. Kachumbari ina kijiko chake, kijiko hakiingii mdomoni. Mkataji mpeni 50 au 100 mkononi, huyo hata kwenye bili hayupo.

Watoto, kwa kuwa mmesema watakuja: waketi mbali na njia ya kutoka jikoni na mbali na jiko la makaa. Anayebeba sahani ya chuma inayotoa moshi haoni kichwa cha mtoto wa miaka minne. Kikimwagika kitu sakafuni mwite mtu apanguse mara moja, msifunike kwa tishu. Mafuta ya nyama kwenye saruji ni barafu. Na simu ya katuni iwe bila sauti, meza ya pili wana mpira wao wa kutazama.

Mwekahazina12

Hapo nimepata. Watu wazima watakuwa 20, watoto 14. Kilo ngapi? Na mutura tunaongeza lini?

Makaa_na_Chumvi

Wazima 20 wape kilo 8, watoto robo robo ni tatu na nusu. Kilo 12 hivi. Kwa kiasi hicho acha kununua vipande, agiza mbuzi mzima siku mbili tatu kabla. Wa wastani akishachinjwa ana kilo 10 hadi 13 za nyama na mifupa. Kichwa na miguu ni vyenu, mseme vipikwe supu, la sivyo hakuna atakayewakumbusha. Mutura wanatengeneza kwa matumbo ya mbuzi huyo huyo, unataka saa mbili na zaidi, kwa hiyo utajwe siku hiyo hiyo ya kuagiza. Ila mutura una damu, na una wenzako wawili Waislamu. Mwambie mchomaji usiwekwe wavu mmoja na nyama yao, na ukatwe kwenye ubao wake.